Siku Kumi na Moja za Joto la Kiganja

Tarehe 9 Juni

Kwa Shangazi wa ukurasa wa barua,

Shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, nakusoma kazini tukimaliza nguo za asubuhi, na leo ni zamu yangu kuomba msaada, naomba univumilie mpaka mwisho hata nikizunguka, maana sijui kuandika kwa kifupi na jambo lenyewe limeshikana, lina mume wangu ambaye sasa ni marehemu, lina chanjo, lina kipimajoto, na lina uongo wangu mimi.

Ninapiga pasi kwenye duka la dobi, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu, mtaani walimwita Fundi Baridi, na kila walipomwita hivyo aliwasahihisha kwamba hakuna binadamu anayetengeneza baridi, kazi ya fundi ni kuondoa joto, na baridi ni kile kinachobaki joto likishaondoka. Watoto walikuwa wanamwomba arudie ili wacheke. Mimi na yeye tulitaniana kwamba mmoja anapeleka joto na mwingine analiondoa, ndiyo maana nyumba yetu haikuwahi kuungua wala kuganda.

Ule mwaka wa korona aliitwa kwenye kituo kimoja cha utafiti kutengeneza jokofu lao la kuhifadhia sampuli, si friji kama hizi zetu, hilo linashuka mpaka nyuzi themanini chini ya sifuri, akarudi nyumbani hajala na hataki kula, anachora nyuma ya bahasha jinsi mota mbili zinavyopokezana. Walikuwa wanatafuta watu wa kujiunga na utafiti wa kuangalia chanjo inamlinda mtu kwa muda gani, naye akajiandikisha siku ileile. Nikamuuliza, umeingia kwa sababu gani, akaniambia, "Nataka kujua ninampozea nani." Ndivyo alivyokuwa, hawezi kufunga kifuniko bila kuchungulia ndani.

Alichanjwa mara mbili, akawa anatolewa damu kila baada ya miezi kadhaa, na tukapewa daftari la bluu na kipimajoto cha kuweka kwapani. Kila jioni saa kumi na mbili tulitakiwa kuandika joto la mwili, kikohozi, kichwa, na kama ananusa vizuri. Mwandishi nilikuwa mimi kwa sababu mwandiko wake ulikuwa kama nyaya zilizong'olewa ukutani. Muuguzi wa utafiti alikuwa binti mmoja mpole lakini king'ang'anizi, kila Ijumaa anapiga simu, "Mama, daftari?" mpaka mume wangu akambandika jina la Dada Daftari, na analo hadi leo, hata mwenyewe akipiga husema, "Dada Daftari hapa."

Sasa Shangazi, hapa ndipo penyewe. Mwezi wa nne wa daftari betri ilianza kufifia, nikaweka kipimajoto kwenye pochi nikabadilishiwe betri njiani, nikafika nacho kazini. Pale kazini kuna mzee anayepika wanga wa kukazia kola, tunamwita Mzee Wanga, na siku hiyo alikuwa anabishana nami kwamba maji yake ya wanga hayazidi joto la mtu mwenye homa. Nikamwambia, mzee wangu, wewe mikononi huna ngozi, una gome. Akasema, "Basi wewe mwenye ngozi tuambie ni nyuzi ngapi." Nami kwa ubishi nikatoa kile kipimajoto nikakichovya kwenye sufuria. Kilipiga kelele mara moja, kikaonyesha alama nisiyoijua, kikazimika, na hakikuwaka tena. Mzee Wanga akakitazama, akasema, "Huyo ametutoka, na jibu hatujalipata." Nilicheka, nikakirudisha kwenye pochi.

Niliona aibu kumpigia Dada Daftari na kumwambia kwamba chombo cha utafiti nimekipika kwenye wanga. Nikasema nitanunua kingine, na wakati ule havikupatikana, kila duka vimekwisha. Jioni mume wangu akanikuta nimeshika daftari bila kuandika, nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Niwekee mkono. Mkono wako haujawahi kuunguza shati la mtu." Na ni kweli, pasi nilizoanzia kazi hazikuwa na namba, joto unalijua kwa kiganja tu. Nikamwekea kiganja kwenye paji la uso, nikaandika 36.6. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu hivyohivyo. Ukawa mchezo wetu wa jioni na, sikufichi, niliupenda.

Siku ya tano kiganja kiliniambia kingine. Paji lilikuwa la moto, si moto wa kutisha, ni ule wa pasi ukiizima na kuirudia baada ya kunywa chai. Yeye akasema ametoka kwenye chumba cha baridi cha ghala, mwili unajirudishia joto. Nikabaki na kalamu mkononi. Nikiandika 38, Ijumaa nikimsomea Dada Daftari atasema pima tena papo hapo, atauliza kipimajoto kinasomaje, nami nitajibu nini. Nikaandika 36.7. Siku ya sita na ya saba akawa anavaa koti ndani ya nyumba, na mimi nikawa naandika 36.6, 36.7, kama kasuku.

Siku ya nane ndiyo inayonirudia. Nilikuwa napiga pasi nguo za nyumbani, yeye amekaa hatua mbili kutoka mezani anatengeneza feni ya jirani, mtu akaniita mlangoni, nikaiacha pasi juu ya foronya. Niliporudi moshi ulikuwa unapanda, foronya ina alama ya pasi ya kahawia kabisa, na mume wangu ameinama palepale na bisibisi yake, hajainua hata kichwa. Huyu ni mtu ambaye akifika kwa mteja anasema mota imeungua kabla hajavua viatu, kwa pua tu. Nikamwambia, "Baba, huisikii harufu?" Akasema, "Harufu ya nini?" Akanusa hewa, mara mbili, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Kisha akasema, "Andika tu sawa, itarudi." Nikaandika, harufu, sawa. Ile foronya sikuitupa, ninayo.

Siku ya kumi na mbili nilipata kipimajoto kingine, kikasoma 36.5, na hiyo ilikuwa ya kweli. Harufu ilimrudia taratibu, alianza na sabuni. Wiki tano baadaye akatolewa damu ya mwisho ya utafiti. Mwaka uliofuata alianguka kutoka juu ya paa la ghala akifunga mtambo wa kupozea, na hospitali hakufika. Wapo waliotaka kusema ni chanjo, na wifi yangu, dada yake mkubwa, aliwanyamazisha palepale msibani, "Chanjo gani inayomsukuma mtu kutoka kwenye ngazi?" Nilimpenda sana siku ile, na bado nampenda, ndiyo maana haya yananiuma.

Miaka imepita, na mwezi uliopita simu ikaita, "Dada Daftari hapa." Akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha mume wangu bila kujua, akanieleza kwamba kirusi cha sasa si kile cha mwanzo, kimebadilika mara nyingi, na watafiti wanachukua damu zilizotunzwa za watu waliochanjwa zamani, wanazikutanisha na aina mpya humo maabara, waone kama ulinzi wa zamani bado unafanya kazi. Nikamuuliza, kinabadilika vipi. Akatazama meza yangu ya pasi, akasema, "Chukulia shati, Mama. Chanjo iliufundisha mwili kumtambua mwizi kwa shati lake. Sasa amebadilisha kola, amehamisha vifungo, amekunja mikono. Mwili ukimwona unasita." Hilo nililielewa kuliko yote niliyowahi kuyasikia redioni.

Kisha akasema, "Damu za wengi zinasita. Ya Fundi haisiti. Aina mbili mpya tulizoijaribu nazo imezizuia kuliko za wenzake wote wa kundi lake, na hatujui kwa nini." Akasema kipo kipimo kinachoonyesha kama mtu aliwahi kuugua, na kwa Fundi kilitoa jibu la katikati, si ndiyo si hapana, kwa hiyo wakarudi kwenye daftari, na daftari linasema mtu huyu hakuugua hata siku moja. Akalifungua mbele yangu. Mwandiko wangu. 36.6, 36.7, harufu sawa. "Tunakushukuru sana, Mama," akasema, "hili ndilo daftari safi kuliko yote tuliyonayo." Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamkaribisha chai.

Vimebaki vichupa vinne vya damu yake, na wanataka nisaini wavitumie kwa uchunguzi mkubwa zaidi. Karatasi iko hapa, sijasaini.

Wifi yangu aliposikia habari ya damu aliitangaza mtaa mzima, kwamba wataalamu wamefika wakashangaa damu ya kaka yake. Nilipomweleza zile siku kumi na moja aliweka kikombe chini. Akaniambia, "Kwa hiyo unataka kumtoa mahali pekee alipobaki?" Nikasema, wifi, si kumtoa. Akasema, "Daftari limeshaandikwa. Funga mdomo wako." Yeye ana kisukari, na kliniki walimwita kwa dozi ya nyongeza, ile iliyotengenezwa kwa kufuata aina za karibuni, hakwenda, anasema yeye na kaka yake damu ni moja na imeshaonekana inavyofanya kazi, lakini hilo ni lake, mimi maswali yangu ni haya.

Nikisema kweli, wataitupa damu yake? Maana nguo zake nimegawa, vifaa vyake wamechukua mafundi wenzake, na hivyo vichupa vinne ndivyo pekee vya mwili wake ambavyo bado viko kazini, tena ndani ya jokofu alilolitengeneza mwenyewe. Na nisiposema, nitakuwa nimemkosea nani? La tatu nalionea aibu kuliko yote, Shangazi, ninatamani kujua. Ilikuwa korona kweli? Kiganja changu kilisoma sawasawa? Najiona kama mjane asiye na adabu, badala ya kulia nauliza maswali.

Nijibu utakavyoweza.

Mpiga Pasi

*

Mpiga Pasi,

Pole kwa mume. Nimeisoma barua yako mara tatu na mara zote nimemkuta amekaa hapo na bisibisi yake. Pole hiyo ipokee yote, maana baada yake nitakugombeza.

Umeandika kurasa nne, na jambo kubwa kuliko yote umelipitisha upesi upesi mwishoni, ukasema "hilo ni lake". Mtu mwenye kisukari ameacha kwenda kupata kinga kwa sababu ya namba ulizoziandika wewe, halafu unaniambia ni lake? Ni lenu wawili. Unauliza ukinyamaza utakuwa umemkosea nani, na jibu unalo kwenye barua yako mwenyewe, amekaa na kikombe cha chai na anakuita wifi.

Nimemuuliza daktari mmoja anayezifahamu kazi hizi za maabara, bila kumwambia chochote cha kukutambulisha. Kwanza nilimuuliza hilo la kutupa. Akacheka. Akasema damu ya mtu aliyechanjwa na kisha akaugua haitupwi, inahamishwa tu kutoka kundi moja kwenda jingine, na humo nako ina kazi. Siwezi kukuahidi kwamba vichupa vyote vinne vitatumika, hilo wataamua wao. Lakini kutupwa, hapana.

Halafu nikamuuliza lile la shati, kwa sababu na mimi nilitaka kujua, usifikiri uko peke yako. Akasema mwili uliochanjwa umeliona shati la mwizi likiwa limening'inizwa, na mtu akija kuugua baadaye, mwili unamwona mwizi mwenyewe akitembea, labda kwa shati jingine tena, kwa hiyo mara nyingi hujifunza kumtambua kwa mapana zaidi, kwa muda fulani. Sasa msomaji mwingine asije akasema basi na tukaugue. Waliokutana na mwizi huyo na wasirudi kusimulia ni wengi mno, na chanjo ndiyo njia ya kuliona shati bila kukutana na kisu. Akaongeza kwamba kinga ya chanjo ya zamani haiishi yote, kwa wengi inaendelea kuzuia ugonjwa usiwe mkali, lakini inapungua kadiri muda unavyokwenda na kirusi kinavyobadilika, na wanaopungukiwa haraka zaidi ni wazee na wenye maradhi kama ya wifi yako. Ndiyo maana wanaitwa tena kliniki. Hawaitwi kwa sababu ya ukoo wao, na hakuna aliyepima damu ya dada kwa kutumia ya kaka.

Mtu mmoja hageuzi utafiti wa mamia ya watu, na usijibebeshe mzigo wa dunia nzima. Lakini hawa wanalitumia daftari lako kutafuta jibu, na jibu liko kwenye kabati lako, limekunjwa, lina alama ya pasi.

Wifi yako anasema daftari limeshaandikwa. Mwambie daftari la utafiti lina njia yake ya kusahihishwa, nami nimeijua juzi tu. Hawafuti wala hawachani ukurasa. Wanapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa libaki linasomeka, pembeni wanaandika kilicho sahihi, tarehe, na aliyesahihisha anaweka saini. Watu wa kazi hiyo wanajua binadamu hukosea, kwa hiyo walishamwekea nafasi pembeni.

Sasa sikiliza. Ijumaa hii, safari hii mpigie wewe Dada Daftari. Ile karatasi usiisaini kabla hujamweleza kila kitu, siku kumi na moja zote, pamoja na sufuria ya wanga. Nenda na foronya. Na uwe mwangalifu kwa jambo moja: usiende sasa kuwaandikia 38, kwa sababu 38 hukuipima. Ulichokuwa nacho ni kiganja, basi waambie kiganja, siku ya tano kilikuta moto, siku ya nane hakunusa. Uongo wa kuficha homa hausahihishwi kwa uongo wa kuitaja. Ukitoka hapo nenda kwa wifi yako, usimtumie ujumbe, kaa naye. Mwambie kaka yake aliugua akapona, na kwamba hiyo nguvu anayoisifu huenda imetoka hapo. Mwambie akamuulize daktari wake wa kisukari. Siku akikubali, avae gauni la mikono mifupi, wasihangaike kumkunja mikono ya nguo kwa ajili ya sindano. Akikufukuza, ondoka, ukarudi.

Na hili la kumtoa mahali pekee alipobaki. Mama, aliyeko kwenye lile daftari siye yeye. Ni mtu uliyemwandika wewe, hajawahi kupata homa, hajawahi kuvaa koti ndani ya nyumba, pua yake nzima kila siku. Mume wako ni yule aliyenusa hewa mara mbili asipate kitu. Huyo hayumo mle. Mpeleke.

Kuhusu kutamani kujua, acha aibu. Uliishi na mtu asiyeweza kufunga kifuniko bila kuchungulia. Ulitaka udadisi wake ukuache bila kukuambukiza?

Shangazi

*

Tarehe 11 Julai

Kwa Shangazi,

Nilikwenda. Sikulala vizuri siku hizo lakini nilikwenda, mpaka kituoni kwao. Dada Daftari alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, kila Ijumaa nilikuwa nakupigia. Kila Ijumaa." Akaondoka chumbani, nikajua yamekwisha, kumbe amekwenda kumwita mkubwa wa utafiti, daktari mmoja mrefu mwenye koti ambalo kola yake haijanyooshwa vizuri. Alitaka kuiona foronya. Akauliza mume wangu alikaa umbali gani, nikasimama nikampimia hatua mbili, akaandika.

Halafu akaniuliza kama kiganja kinajua kweli. Nikasema wateja hawajalalamika. Wakajipanga watu watano wa pale, wanacheka kama watoto wa shule, nikawawekea mkono mmoja mmoja nikaandika, ndipo wakapimwa kwa kipimajoto. Watatu nilikaribia sana, mmoja nilikosea kidogo, na daktari mwenyewe nilimkosa vibaya, nilimwandikia homa kumbe alikuwa ametoka juani. Akasema, "Kiganja hiki hakiwezi kuingia kwenye namba zetu, lakini kitaingia kwenye maelezo." Nikapiga mstari mara kumi na moja, nikaandika pembeni, nikasaini kila siku peke yake. Siku ya kwanza niliiandika kwa haraka. Ya nane niliiandika vizuri.

Ile karatasi nilisaini siku hiyohiyo. Wamepima upya kutoka kichupa kimoja, kwa kipimo kingine chenye makali zaidi, na juzi Dada Daftari amenipigia. Aliugua. Kwa hiyo mume wangu amehamia kundi la waliochanjwa wakaugua, na humo damu yake ni nzuri, ila wako wengine kama yeye. Nilidhani nitaumia kusikia kwamba wako wengine. Badala yake nilijikuta nauliza wako wangapi, na kama nao hawakunusa.

Walinionyesha jokofu. Lina kelele kuliko nilivyofikiri. Nyuma yake kuna karatasi aliyoibandika mwenyewe, mwandiko wake uleule wa nyaya, imeandikwa, "Msiache mlango wazi mkipiga soga." Hawajaibandua. Nimewaomba siku watakapofungua kichupa cha mwisho wanipigie, nisiulize chochote, nijue tu.

Kwa wifi nilikwenda mara mbili. Ya kwanza hakufungua mlango. Ya pili alifungua, akanisikiliza akiwa amesimama, sikumaliza, akasema ana kazi jikoni. Hatujazungumza tangu hapo. Lakini jana amemtuma jirani dukani kwetu alete gauni, linatakiwa kesho asubuhi, bila salamu na bila maelezo. Ni la mikono mifupi. Sijamwona akilivaa tangu msiba. Nimelipiga pasi mwenyewe, Mzee Wanga akaniambia, "Unalipapasa kama la harusi," na mikono nikairudia mara tatu.

Sina swali lingine, Shangazi. Siku ukifungua friji ukakuta maji yamepoa, umkumbuke mume wangu. Na mimi pia, unikumbuke.

Mpiga Pasi